Sara binti Gunnar na mshahara uliokatika: uchambuzi wa kisa cha Lyon

Tarehe ya mshahara ilifika, ikapita. Sara Björk Gunnarsdóttir, mchezaji wa mpira wa timu ya wanawake ya Olympique Lyonnais (Lyon) ya Ufaransa, alikuwa kwao Iceland, mjamzito, akisubiri mtoto wake wa kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni hakushtuka. Mishahara huchelewa, na benki nazo zina mambo yao. Ila alipowauliza wenzake waliobaki Lyon, walikuwa wamelipwa kama kawaida. Kwake kulikuwa kumeingia kijisehemu tu, nacho hakikutoka klabuni, kilitoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa Ufaransa. Mwezi wa pili hadithi ikawa ileile.

Mwaka mmoja baadaye FIFA iliiamuru Olympique Lyonnais imlipe euro 82,094.82, na riba ya asilimia 5 kwa mwaka juu yake. Kwa viwango vya wakati huo ni karibu shilingi milioni 200 za Tanzania. Kwa klabu iliyokuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake mara tano mfululizo, hiyo si fedha ya kuuzia nyumba. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufunguliwa kurasa zote: kama fedha ilikuwa ndogo hivyo, kwa nini ilifika FIFA?

Wengi wanakisimulia kama kisa cha likizo ya uzazi. Mimi naona wanakosea, na kosa lao si dogo. Ugomvi wenyewe ulihusu miezi iliyotangulia likizo, yaani kipindi kati ya siku mchezaji anaposema "nina mimba" na siku likizo inapoanza rasmi. Katika kazi ya ofisini kipindi hicho hakina shida, mama anaendelea kukaa kwenye dawati lake hadi tumbo limzidi. Katika mpira, ndicho kipindi chenye mtego.

Kwanza tumjue mwenyewe. Waiceland wengi hawana jina la ukoo. Gunnarsdóttir maana yake ni binti Gunnar, basi, na msomaji aliyekua akimsikia Siti binti Saad hatapata taabu kuelewa. Tena kule watu huitana kwa jina la kwanza, hata waziri mkuu. Kwa hiyo nami nitamwita Sara bila kumvunjia heshima.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1990 Hafnarfjörður, mji wa bandari jirani na Reykjavík. Iceland nzima watu hawafiki laki nne. Manispaa ya Temeke peke yake inawazidi zaidi ya mara tatu. Nchi ndogo za kaskazini kama hizi, iwe Iceland, Estonia au visiwa vya Faroe, zina hesabu moja: ligi ya nyumbani ni ndogo, na mchezaji mwenye kipaji lazima apande ndege. Anayebaki nyumbani mara nyingi hucheza jioni baada ya kazi au shule. Anayeondoka hujikuta mgeni katika sheria za nchi nyingine, kwa lugha nyingine, na mkataba wake ndio ndugu yake wa pekee. Hilo lishike, litarudi.

Sara alianzia Haukar, klabu ya mtaani kwao. Mwaka 2007, kabla hajatimiza miaka 17, akaichezea timu ya taifa ya wakubwa. Akapita Breiðablik, kisha 2011 akavuka kwenda Malmö nchini Sweden, kwenye klabu ambayo baadaye ilijiita Rosengård, na huko akachukua ubingwa wa ligi mara nne. Mwaka 2016 akahamia Wolfsburg ya Ujerumani. Misimu minne, ligi nne na makombe manne ya Ujerumani. Alikuwa kiungo wa kazi: anakaba, anapanda, anapiga vichwa, anarudi kukaba tena. Timu ya taifa ilimpa unahodha, na wanahabari wa michezo wa nchi yake walimchagua mwanamichezo bora wa mwaka 2018, kisha tena 2020.

Kitu kimoja kilikuwa hakijatimia, nacho ni kombe la Ulaya. Mei 2018 mjini Kyiv alicheza fainali akiwa na Wolfsburg, akaumia, akatolewa, na akiwa nje akaangalia Lyon ikiwafunga 4–1 katika muda wa nyongeza. Miaka miwili baadaye akawafuata haohao waliomfunga. Julai 2020 alisaini Lyon mkataba wa miaka miwili.

Korona ilikuwa imevuruga kalenda, mashindano ya msimu uliopita yakamaliziwa Agosti. Ndipo likatokea jambo ambalo mwaka wa kawaida lisingewezekana: tarehe 30 Agosti 2020, mjini San Sebastián, kwenye uwanja usio na mashabiki, Sara alicheza fainali ya msimu uleule dhidi ya Wolfsburg aliyoiacha miezi miwili tu nyuma. Lyon ilikuwa mbele 2–1 na Wolfsburg wanasukuma kutafuta la kusawazisha. Dakika ya 88, dakika za lala salama kama watangazaji wetu wanavyosema, mpira ulipita mbele ya goli na Sara akaugeuza ukaingia wavuni. 3–1. Akawa Mwiceland wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake.

Nimekaa kidogo kwenye bao hilo kwa sababu moja. Mtu tunayemzungumzia hakuwa chipukizi wa majaribio wala mchezaji wa benchi ambaye klabu ingeweza kumsahau kwa bahati mbaya. Miezi saba kabla ya mambo haya kuanza, ndiye aliyeifungia klabu bao la kufunga kazi katika fainali kubwa kuliko zote.

Mwanzoni mwa 2021 akagundua ana mimba. Alikuwa na miaka 30. Alimwambia kwanza daktari wa timu, na kwa muda habari ikabaki kwa watu wachache. Baadaye viongozi wakajulishwa, pongezi zikatolewa, na ikakubaliwa arudi Iceland akae karibu na familia wakati wa ujauzito. Aprili akaondoka, na klabu yenyewe ikatangaza hadharani kuwa mchezaji wao anatarajia mtoto. Hadi hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Ukizipanga karatasi za kisa hiki kwa tarehe, hadi Aprili 2021 utaona watu wanaopendana.

Makubaliano hayo, hata hivyo, yalikuwa na shimo katikati. Walikubaliana aende. Walikubaliana atarudi. Hawakukubaliana kwa maandishi ni nani atamlipa nini akiwa huko, wala atafanya kazi gani kwa mkono mwingine. Kila upande ulidhani jibu linajulikana. Sara alidhani mkataba wake unaendelea kama ulivyo. Klabu, kama ilivyokuja kueleza, ilidhani sheria ya Ufaransa imeshajibu.

Hoja ya Lyon tuitendee haki, maana si ya kijinga. Nchini Ufaransa mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa sababu za kiafya huwa na cheti cha daktari, na hifadhi ya jamii humlipa posho ya kila siku. Posho hiyo ina kikomo. Kwa karani wa dukani, kikomo hicho hakiko mbali sana na mshahara wake. Kwa mchezaji wa kulipwa wa klabu kubwa, ni kijisehemu. Klabu ilishikilia kwamba imefuata sheria ya nchi, na kwamba haikumfanyia Sara chochote tofauti na mfanyakazi mwingine yeyote.

Tatizo ni kwamba miezi mitatu tu kabla, tarehe 1 Januari 2021, kanuni nyingine zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Baraza la FIFA lilikuwa limezipitisha Desemba 2020. Kwa mara ya kwanza kanuni za usajili wa wachezaji duniani zilitamka neno mimba kwa kirefu. Watu wengi walikariri namba moja tu kutoka humo, wiki 14. Ni kweli, likizo ya uzazi isipungue wiki 14, nane kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua, na mchezaji alipwe si chini ya theluthi mbili ya mshahara. Pia mkataba usifungwe kwa sharti la kutoshika mimba, na klabu inayomfukuza mchezaji kwa sababu hiyo inahesabiwa imevunja mkataba bila haki.

Lakini ndani yake kuna kifungu kingine ambacho magazeti yaliruka. Mchezaji mjamzito ana haki ya kuendelea kucheza na kufanya mazoezi iwapo daktari wake na mtaalamu huru wataona ni salama. Akiona hawezi, au hataki, ana haki ya kuitumikia klabu kwa namna nyingine, na klabu inatakiwa kuheshimu uamuzi huo na kukaa naye kupanga kazi hiyo. Na wakati wote huo, mpaka siku anayoanza likizo kwa uamuzi wake mwenyewe, anapokea mshahara kamili. Si theluthi mbili, ni kamili.

Kazi nyingine ni ipi? Mtu anaweza kucheka, lakini klabu kubwa ina kazi tele: kuchambua video za wapinzani, kufundisha mabinti wa akademi, kuzungumza na wadhamini, kutengeneza vipindi vya mitandaoni. Nahodha wa timu ya taifa mwenye lugha kadhaa kichwani si mtu wa kukosa cha kufanya. Nyingi ya kazi hizo zingefanyika hata akiwa Iceland na kompyuta mapajani.

Hakuna aliyempa. Na hapa ndipo moyo wa kesi ulipo.

Turudi kwenye miezi ile ya mshahara uliokatika. Sara alimpa wakala wake kazi ya kuandika barua. Barua ikaenda, jibu likasuasua. Kila wiki iliyopita bila jibu, upande mmoja ulikuwa na timu ya mawakili na upande wa pili kulikuwa na mwanamke mjamzito anayeangalia salio lake kwenye simu. Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kiliingia. Shauri likaelekea FIFA. Ndipo, kwa maelezo ya Sara aliyoyachapisha Januari 2023, ukaja ujumbe kutoka kwa mkubwa mmoja klabuni, ukifikishwa kupitia wakala wake: akienda FIFA, hana tena maisha Lyon.

Sitaki kuukuza ujumbe huo kupita kiasi. Maneno ya namna hiyo husemwa katika ofisi nyingi za mpira, na mara nyingi anayeyasema anadhani anatoa ushauri wa kirafiki. Lakini tazama kazi uliyoifanya. Kabla ya hapo huu ulikuwa mgogoro wa hesabu ambao mhasibu na mwanasheria wangeumaliza kwa kikao kimoja na chai. Baada ya hapo likawa suala la utu, na mtu aliyezoea kukaba kwa dakika 90 hakuwa wa kurudi nyuma. Aliandika kwamba wakati aliotakiwa kuufurahia ujauzito wake aliutumia akiwa na msongo na hisia ya kusalitiwa.

Mtoto alizaliwa Novemba 2021, wa kiume.

Mei 2022 Baraza la Utatuzi wa Migogoro la FIFA likatoa uamuzi. Sara alistahili mshahara kamili kwa kipindi chote cha ujauzito mpaka likizo ilipoanza, na haki zake za likizo juu yake. Hoja ya sheria ya Ufaransa haikuiokoa klabu. Sheria ya nchi ikimpa mchezaji zaidi ya kanuni za FIFA, hiyo ya nchi hutangulia. Ikimpa kidogo, kanuni za FIFA hubaki kuwa sakafu ambayo klabu haishuki chini yake. Kwa lugha ya mtaani, posho ya hifadhi ya jamii haiwezi kugeuzwa kisingizio cha kufunga pochi.

Jambo la pili lililojitokeza ni wajibu wa kumtunza mfanyakazi. Kwa jinsi Sara alivyoueleza uamuzi huo, uzito uliwekwa kwenye ukweli kwamba hakuna aliyemfuatilia: hali yake ya mwili, hali yake ya akili, anafanya mazoezi gani, anaweza kusaidia wapi. Jukumu la kuanzisha mazungumzo ya kazi mbadala lilikuwa la klabu. Lyon haikuweza kusema "hakuomba" halafu ikaishia hapo. Nadhani hii ndiyo sehemu ya kesi inayopaswa kubandikwa ukutani kwa kila katibu wa klabu, maana inageuza ukimya kuwa kosa. Kabla ya hapo ukimya ulikuwa mbinu ya bei rahisi. Unanyamaza, mchezaji anachoka, mkataba unaisha, mnaachana.

Uamuzi ulikuja na meno pia. Klabu isipolipa ndani ya siku 45 tangu ijulishwe akaunti ya kulipia, inafungiwa kusajili. Wapenzi wa ligi zetu wanalijua neno hilo vizuri, tumeshaona klabu zikikimbizana na benki usiku ili jina litoke kwenye orodha ya FIFA. Lyon haikukata rufaa. FIFPRO ikautaja kuwa uamuzi wa kwanza wa aina yake tangu kanuni mpya zianze.

Kisa hakikuishia kwenye fedha, na sehemu iliyobaki kwangu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haina kifungu cha kuinukuu. Januari 2022, wakati shauri likiendelea, Sara alirudi Lyon na mtoto mchanga. Alikuwa bado na mkataba hadi katikati ya mwaka. Alirudi kwa wenzake, mazoezini, kwenye jezi ileile. Timu ilikuwa inasafiri kwa mechi za ugenini na yeye ananyonyesha. Anasema klabu haikutaka mtoto awemo safarini, hoja ikiwa kwamba akilia atawasumbua wachezaji wengine.

Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha anaelewa maana yake bila kuelezwa. Maziwa hayaijui ratiba ya ligi. Ukikaa mbali na mtoto siku mbili, matiti yanajaa, yanauma, yanavujia nguo. Kanuni zile za FIFA zinataja haki ya kunyonyesha au kukamua maziwa wakati wa kazi na klabu kuweka mahali pa kufanyia hivyo, lakini nani aliwaza chumba cha hoteli ya ugenini? Kanuni ziliandikwa kana kwamba kazi ya mchezaji iko mahali pamoja. Nusu ya kazi yake iko barabarani.

Machi 2022 alirudi uwanjani, miezi minne tu baada ya kujifungua. Mwezi wa tano Lyon ikaifunga Barcelona 3–1 mjini Turin na kulichukua tena kombe la Ulaya, mwezi uleule ambao FIFA ilitoa uamuzi dhidi yake. Mkataba wa Sara ukaisha, hakuna aliyeuhuisha, akahamia Juventus. Julai alikuwa Uingereza na timu ya taifa kwenye Euro. Iceland ilitoka sare ya 1–1 mara tatu, na Ubelgiji, na Italia, na Ufaransa, ikarudi nyumbani bila kufungwa mechi hata moja. Katika kikosi hicho Sara hakuwa mama peke yake. Hilo kwao si habari. Ni nchi ambayo tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake waliweka chini kazi zote, za ofisini na za jikoni, na shughuli zikasimama. Msichana anayelelewa na mama aliyeshiriki siku hiyo haoni ajabu kudai mshahara wake.

Januari 2023 alifanya mambo mawili ndani ya mwezi mmoja. Alistaafu timu ya taifa baada ya mechi 145, kisha akaandika simulizi yake yote kwa ulimwengu kusoma. Kabla ya hapo uamuzi wa FIFA ulikuwa unajulikana na mawakili na watu wa vyama. Baada ya hapo ukawa gumzo. Lyon ilijibu kwamba iliheshimu sheria ya Ufaransa na kwamba ilimsaidia kadiri ilivyoweza wakati wa ujauzito na aliporejea.

Na kusema kweli, klabu ilikuwa imeanza kubadilika kabla simulizi haijatoka. Amel Majri, beki na winga wa Lyon, alijifungua Julai 2022, na alipokuwa akirudi mchezoni mtoto wake alisafiri pamoja na timu. Aprili 2023 alikuwa mchezaji wa kwanza kuingia kambi ya timu ya taifa ya Ufaransa pale Clairefontaine na mwanawe, pamoja na mlezi. Wenye roho nzuri watasema klabu ilijifunza. Wenye roho ngumu watasema Majri alitembea kwenye njia ambayo mwenzake aliifyeka kwa panga na kulipia kwa kazi yake. Siioni sababu ya kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Sasa kwetu. Kanuni hizi si za Ulaya peke yake, ni za FIFA, na mashirikisho ya nchi wanachama yanatakiwa kuzitumia, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kwa hiyo mchezaji wa Simba Queens, Yanga Princess au JKT Queens mwenye mkataba wa kulipwa anasimama juu ya sakafu ileile aliyosimama Sara. Jambo la kupendeza ni kwamba kwenye likizo yenyewe sheria zetu hazijaachwa nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 84 kwa mshahara kamili, na siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu, nayo kwa mshahara kamili.

Piga hesabu. Wiki 14 za FIFA ni siku 98, lakini kwa theluthi mbili ya mshahara, yaani kama ujira wa siku 65 hivi. Siku 84 kamili za Tanzania zina fedha zaidi na mapumziko pungufu kwa wiki mbili. Na kwa kuwa kanuni yenyewe inasema sheria ya nchi iliyo bora hutangulia, mwanasheria anayejua kazi yake anaweza kujenga hoja kwamba mchezaji wa Dar achukue kilicho kizuri kutoka kila upande. Sijui klabu ingempokeaje, lakini hoja ipo.

Pengo liko palepale lilipokuwa Lyon. Mwezi wa nne wa mimba, mchezaji hawezi tena kuingia kwenye mechi ya ligi, na likizo iko mbali. Sheria ya kazi ya kawaida inamfikiria mtu wa kiwandani au ofisini ambaye bado anaweza kuja kazini. Haimfikirii mtu ambaye kazi yake ni kugongana mabega. Kama mkataba wake haukuandika kazi mbadala, na kama hajui kwamba kanuni za FIFA zinamlinda kwenye miezi hiyo, atafanya kile ambacho wengi wamekifanya tangu zamani: ataficha mpaka asiweze kuficha, halafu ataaga kimyakimya. Utafiti wa FIFPRO wa mwaka 2017 ulikuta kuwa wachezaji 2 tu katika kila 100 walikuwa mama. Wengi waliotamani watoto walikuwa wakingoja kwanza kutundika daluga, au walitundika mapema.

Kuna swali dogo la kiufundi ambalo ningependa wasomaji wanaoandaa mikataba walibebe. Sara alishinda kwa sababu alikuwa na karatasi: mkataba wenye mshahara ulioandikwa, barua za wakala, tarehe za malipo ya benki, na rekodi ya kile kilichoingia kutoka hifadhi ya jamii. Hesabu ya FIFA ilifika mpaka kwenye senti 82. Sasa mtazame mchezaji anayelipwa sehemu kwa benki, sehemu mkononi baada ya mechi, na sehemu kwa ahadi ya mfadhili aliyefurahishwa na bao. Akikatiwa, ataanza kudai kiasi gani? Baraza halina namna ya kuhesabu bahasha.

Juni 2024 FIFA iliongeza vifungu vingine. Mchezaji anayeasili mtoto naye akapewa likizo, na vilevile yule ambaye mwenzi wake ndiye aliyejifungua. Afya ya hedhi ikatajwa kwa jina. Na timu za taifa zikahimizwa kuweka mazingira ya mchezaji kuwa na mwanawe kambini, jambo ambalo miaka miwili kabla lilihesabiwa kuwa usumbufu kwa wenzake.

Agosti ya mwaka huohuo, baada ya misimu miwili Juventus, Sara alisaini Al Qadsiah ya Saudi Arabia. Alikuwa anakaribia miaka 34, na mtoto, aliyekuwa anakaribia mitatu, akahama naye.